Adhana tano, saa moja ya ukutani

Ramadhani ya 2022 iliangukia Aprili, na Aprili kwetu Tanga ni masika. Siku ninayoisimulia mbingu ilikuwa imefunga tangu adhuhuri, manyunyu hayakatiki wala hayazidi, mwanga ule ule wa kijivu ambao ukikaa nao ndani huwezi kujua kama ni saa tisa au saa kumi na mbili. Umeme nao ulikuwa umekwenda. Mkeka ulishatandikwa uani chini ya kipenu: muhogo wa nazi, mbaazi, kaimati, uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai, na kisahani cha tende. Watoto kila mmoja keshachagua kaimati yake kwa macho.

Ikalia adhana. Msikiti wa mtaani kwetu ndio ulioanza; siku hizi vipaza sauti vyao vina betri, umeme ukatike usikatike. Haikupita nusu dakika ukafuata wa barabara ya pili, kisha wa upande wa sokoni, kisha miwili kwa mpigo, sauti zikapandana kama zinavyopandana siku zote. Mke wangu akasema bismillahi. Mimi nikatia tende mdomoni, nikashusha glasi nzima ya maji, nikahamia kwenye uji.

Mama mkwe hakula. Alikuwa ameshika tende kwa vidole viwili, mkono juu ya goti, macho bandani.

"Mama, adhana hiyo."

"Nimeisikia."

"Basi futuru, mama."

"Kuku hawajapanda."

Banda letu liko pale pale uani, mita chache kutoka mkekani. Majike sita na jogoo mmoja, wote walikuwa bado wanapekua matope karibu na karo. Nikamwambia, kwa ile heshima ya mkwe ambayo ndani yake mna dharau kidogo, "Mama, misikiti mitano hiyo. Kuku ni kuku tu."

"Misikiti mitano," akasema. "Na kuku saba."

Hakuongeza neno. Nasi tukaendelea. Tulishafika kwenye muhogo ilipokuja adhana nyingine kutoka mbali, upande wa Chumbageni, moja peke yake, taratibu. Nyuma yake nyingine. Na nyingine. Nikageuka kutazama bandani: jogoo yuko juu ya kijiti, majike wawili wanasukumana kutafuta nafasi. Mama mkwe akasema bismillahi, akala tende yake, akanywa maji mafundo matatu, akaninyooshea kikombe. "Haya mwanangu, nipe na mie uji."

Zilikuwa zimepita dakika saba.

Kwa madhehebu yetu ya Kishafi, aliyekula akidhani jua limezama kisha ikabainika halijazama ana deni la siku moja. Siku hiyo nimeilipa, kwa hiyo si iliyonikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni hesabu. Watano walisema limezama, mmoja akasema bado, na huyo mmoja ushahidi wake ni kuku. Ningeletewa kesi hiyo tena kesho yake, nisijue mwisho wake, ningehukumu vile vile. Sasa kosa liko wapi?

Lilikuja dukani lenyewe siku mbili baadaye, limefungwa kwenye kitambaa. Mwadhini wetu aliliweka juu ya meza yangu. "Fundi," akasema, "saa yako hii inakimbia."

Mimi ni fundi simu pale Ngamiani, lakini kibanda nimekirithi kwa marehemu baba aliyekuwa fundi saa, na saa za ukutani bado naletewa. Ile ya msikitini niliibadilisha mashine na betri wiki iliyotangulia. Nikaigeuza mbele na nyuma, nikaisikiliza. Haikuwa inakimbia. Ilikuwa inakwenda sawasawa kabisa, sekunde kwa sekunde, ila iko mbele dakika saba. Nikainua macho kwenye saa ya dukani kwangu. Nayo iko mbele dakika saba, kwa sababu miaka nenda miaka rudi naiweka mbele dakika saba makusudi, nisichelewe swala ya jamaa. Kila anayeshinda dukani kwangu anajua. Siku ninairekebisha ile ya msikiti niliisomea pale pale ukutani bila kufikiri.

Kwa hiyo tufuate mnyororo. Mwadhini wa kwanza alitazama saa yake. Wa pili, mbingu imefunga, umeme hakuna, mkono uko kwenye kipaza sauti, akamsikia mwenzake, akaanza. Wa tatu akawasikia wawili. Wa nne na wa tano nani atabaki kimya wenzake wote wanaadhini? Mimi uani nikahesabu mashahidi watano, na shahidi alikuwa mmoja, naye ni kidole gumba changu mwenyewe. Kosa langu lilitoka dukani, likapita kwenye vipaza sauti vitano, likanirudia nyumbani limevaa kanzu, nikalipokea kwa tende.

Mwadhini nilimwambia ukweli tukacheka. Wengine sikuwaambia. Nyie mnaokaa mtaa ule, mkisoma hapa mnisamehe, na ambaye hajailipa siku ile ailipe.

Aibu zaidi ni kwamba somo hili nilishafundishwa nikiwa na miaka kumi na mitano. Maalim wetu wa chuoni, Mungu amrehemu, alitusomesha utangulizi wa ilimu ya hadithi, na alikuwa hapendi tukariri maneno tusiyoweza kuyatumia sokoni. Habari zina daraja, alisema. Ya juu kabisa ni mutawatir: imepokewa na watu wengi kiasi kwamba akili haikubali kuwa walikaa wakapatana kusema uongo, wala kwamba wote wamekosea kwa bahati. Sisi tulikuwa tunaishia hapo, kwenye wingi. Yeye alikuwa anatupiga kofi la mgongoni na kusema, bado. Wingi huo uwepo katika kila tabaka. Wakiwa elfu leo, na mia juzi, lakini pale katikati habari imepita kwa mtu mmoja, basi unayo habari ya mtu mmoja. Elfu hao ni mapambo.

Na sharti la mwisho, ambalo utotoni sikuliona lina maana: habari iishie kwenye hisia. Wa mwanzo wawe wameona au wamesikia, si wameonelea. Watu mia waliosema "tumemwona akivuka daraja" ni mashahidi mia. Watu mia waliosema "sisi kwa maoni yetu atakuwa amevuka" ni watu mia wenye maoni. Kiswahili chetu kinatuponza kidogo hapa, maana "naona mvua inanyesha" na "naona bei itapanda" ni kitenzi kile kile, na mtu anaweza kutoka kwenye kimoja akaingia kwenye kingine katikati ya sentensi bila yeye wala wewe kushtuka.

Mfano wa kale wa wanazuoni ni Makka: mtu ambaye hajafika hata siku moja ana yakini kuwa mji huo upo, na yakini yake ni halali, kwa kuwa waliofika ni wengi, wamekwenda kwa njia mbalimbali, na wameona. Mimi Makka sijajaaliwa. Hata Kigoma sijafika. Sina shaka na miji yote miwili. Nikikaa nikihesabu ninayoyajua kwa macho yangu mwenyewe hayajazi daftari la kurasa themanini. Mengine yote nimepewa na watu. Kijana anayejitapa kijiweni kuwa yeye haamini ila alichokiona, mwambie akutajie tarehe aliyozaliwa na aseme aliionaje.

Kwa hiyo sina ugomvi na kuamini watu. Ugomvi wangu ni na kuhesabu vichwa. Tanga nzima imesikia kuwa mapango ya Amboni yanatokea Mombasa. Nimesimuliwa na watu labda mia, wazee na watoto, wasomi na wasiosoma, wengine na chumvi ya mbwa aliyepotelea humo akaonekana Kilimanjaro. Katika hao mia sijapata hata mmoja aliyeingia Amboni akatokea Mombasa. Na ujumbe ule wa simu wenye mishale miwili, nilioupata asubuhi moja kwenye makundi manne, la ukoo, la msikiti, la mafundi na la waliosoma pamoja, neno kwa neno hata kosa la herufi ni lile lile? Kosa la herufi ndilo lililonisaidia. Watu wanne wanaoandika kila mmoja kwa kichwa chake hawakosei herufi moja mahali pamoja.

Tangu siku ya adhana nimejizoesha swali moja. Mtu akiniambia jambo, sijiulizi kwanza kama ni mkweli, watu wengi ninaowajua ni wakweli. Najiuliza: jambo hili lingekuwa si kweli, huyu angelijuaje? Mwadhini wa nne, jua lingekuwa halijazama, angelijuaje? Asingelijua. Alikuwa ndani, amefumba macho, anasikiliza mwenzake. Mama mkwe angelijuaje? Alikuwa na kuku, na kuku hawasikilizi misikiti; wanafuata mwanga. Tena wingu lile lingewadanganya upande wa pili, wapande mapema, na hata hivyo walikuwa chini. Nilikuwa na shahidi bora uani kwangu na sikumpa hata nusu ya msikiti mmoja.

Sasa niwaambie la kazini kwangu, maana ndiko swali hili lilikoniumbua.

Simu ikiingia maji, Tanga hii na kwingineko, inaenda kwenye mchele. Dada mmoja aliniletea simu iliyotumbukia baharini Raskazone, siku tatu imezikwa kwenye ndoo ya mchele wa Mbeya, mchele mzuri kabisa, wa pilau. Kwenye tundu la chaji mlikuwa na punje imekwama, imevimba, nikaitoa kwa sindano. Nikafungua mgongo. Unga mweupe umeganda kwenye maungio ya betri kama poda ya mtoto. Nikakiinua kile kibati kinachofunika bodi: chini yake kijani kibichi, kutu ya shaba, imetambaa kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na pembeni fuwele ndogo za chumvi zinameta kwenye taa. Ukipitisha mswaki wenye spiriti zinasaga kama mchanga. Mchele haukuwa umefika pale na usingeweza kufika. Maji yalikauka, sawa, yangekauka hata mezani. Chumvi ilibaki, na siku tatu zile ndizo chumvi ilizofanyia kazi.

"Lakini fundi," akasema, "kila mtu anasema mchele."

Kila mtu anasema, na wala hawasemi uongo. Shangazi yake aliweka simu kwenye mchele, asubuhi ikawaka. Ameona kwa macho. Swali langu linamfika shangazi hapo hapo: ingekuwa mchele hausaidii kitu, angelijuaje? Angelijua kama angekuwa na simu nyingine iliyolowa vile vile akaiacha mezani bila mchele. Nani anaacha simu yake mezani ilhali dunia nzima inasema mchele? Hakuna. Kwa hiyo kila simu iliyopona imepona kwenye mchele, na mchele unachukua sifa zote.

Nilikuwa nikilitoa somo hili kwa kila mteja kwa raha, hadi siku binti yangu, aliyekuwa likizo na amekaa nyuma ya meza anapekua simu yake, akauliza bila kuinua kichwa: "Baba, zinazopona kwenye mchele unaletewa wewe?"

Nikanyamaza. Zinazopona zinaletwa kwa fundi kufanya nini? Mimi naletewa maiti tu. Nimefungua simu za mchele hesabu siijui, zote mbovu, na kwa miaka nimekuwa nikisema "mimi nimeona simu elfu" kwa kifua kile kile cha shangazi. Mchele ungekuwa unaponya tisa katika kila kumi, mimi pale kibandani ningelijuaje? Nisingelijua. Ningeendelea kuletewa ile ya kumi na kuutukana mchele.

Nilichoona kweli ni kidogo kuliko nilivyokuwa nikisema: kwamba simu ya maji ya chumvi ikikaa siku tatu, huwa na kutu chini ya kibati, na punje hazifiki huko. Basi. Hilo naliapia. Baadaye nilichukua simu mbili kuukuu za vitufe za aina moja, nikazichovya ndoo moja kwa muda mmoja, moja nikaifukia kwenye mchele, nyingine nikaiacha wazi imefunguliwa mgongo mbele ya feni. Ya feni ndiyo iliyokauka zaidi kesho yake. Simu mbili si hoja ya kumshinda mtu, ila ni zangu, na nilitazama kote kuwili. Mwaka 2024 Apple wenyewe wakaandika kwenye maelekezo yao kuwa simu yao iliyolowa isiwekwe kwenye mchele, chembe zake zinaweza kuiharibu. Nilifurahi sana, nikaipiga chapa nikaibandika ukutani. Halafu nikakaa nikajiuliza kama nimefurahi kwa kuwa wao wana mahali pa kuona nisipopaona mimi, au kwa kuwa tu wamesema ninachosema. Karatasi bado iko. Nadhani ni yote mawili.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mtu wa Deep Sea, pale samaki wanaposhushwa, na ndiye aliyenifanya nilitazame jambo hili kutoka upande wa wasomi. Yeye ana kisa kimoja anachokipenda kuliko vyote: silikanti.

Mjuaye Tanga anamjua silikanti. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa mwambao huu wamempata makumi ya mara kwenye majarife ya kuvulia papa, na mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Samaki mkubwa, magamba kama tupa, mapezi yamekaa kama viguu, anaishi vilindini zaidi ya mita mia. Hadi Desemba 1938 wasomi wa dunia nzima walikuwa na kauli moja: samaki huyu ameisha. Alikwenda na dinosaria, miaka zaidi ya milioni 60 iliyopita. Ilikuwa si maoni ya mmoja, ilikuwa ndiyo inayofundishwa. Kisha meli ya uvuvi ikamleta East London, Afrika Kusini. Mama mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, akamwona kwenye lundo, akamchora, akamwandikia mtaalamu J. L. B. Smith, na jina la kisayansi la samaki likatoka kwa mama huyo, Latimeria.

Smith akataka wa pili. Akachapisha tangazo lenye picha na zawadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, likasambazwa pwani hii ya Afrika. Ilichukua miaka kumi na minne. Mwaka 1952 akapatikana Komoro, na kumbe wavuvi wa huko walikuwa wanamjua siku zote, wanampata mara moja moja, na jina lake wanalo: gombessa. Shemeji hapo huwa anapiga paja. "Wasomi wote! Na mvuvi na ndoano yake!"

Mimi simfuati shemeji mpaka mwisho. Wasomi wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na mawe. Katika miamba yote iliyofuata enzi ya dinosaria hapakuwa na mfupa wa samaki yule, na walihitimisha kama ambavyo mimi na wewe tungehitimisha. Ila walikuwa maelfu kwa idadi na mmoja kwa chanzo: wote walikuwa wakisikiliza ukimya wa mawe yale yale, na wengi wao hata mawe hawakuyaona, waliwasoma walioyaona. Uliza swali. Samaki yule angekuwa yu hai vilindini Komoro, bwana wa makumbusho Ulaya angelijuaje? Asingelijua. Mvuvi angelijua usiku ule ule, kwa mikono iliyochubuliwa na magamba.

Ninachomwambia shemeji ni hiki, na hakipendi: mvuvi huyo huyo akianza kuniambia samaki yule ni wa tangu lini duniani, hapo namwacha, namfuata mtu wa mawe. Hakuna mtu anayestahili kuaminiwa kwa jumla, kama unavyonunua gunia bila kufungua. Mama mkwe namwamini kwa magharibi. Kwa habari za simu yangu kuwa ndiyo inayoniumiza mgongo, tunabishana.

Kuna mahali swali langu lilinitia hasara, nami nisilifiche.

Agosti 2017 marais wawili, Magufuli na Museveni, waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi, litoke Hoima Uganda lije hadi Chongoleani hapa kwetu, kilomita 1,443. Mji ukawaka. Kila kijiwe ni viwanja. Shemeji akanijia na habari ya kiwanja cha njia ya Chongoleani, bei ya kuzungumza, akitaka tuchangie. "Kila mtu anasema bei itapanda," akaniambia.

Maskini, alitumia maneno hayo. Miaka kadhaa nyuma nilishapoteza akiba yangu kwenye mchezo wa kupanda mbegu za fedha, ambao nao kila mtu alikuwa anausema, na walionitangulia walikuwa kweli wamevuna, nimewaona wakihesabu noti. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikafanya upelelezi wangu: wewe umesikia kwa nani? Kwa dalali. Dalali umesikia kwa nani? Kwa wateja. Wateja? Kwa dalali. Duara kamili, hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Nikamwambia shemeji, hii si habari, hii ni mwangwi. Sikutoa hata shilingi.

Akanunua peke yake kwa kukopa. Baada ya muda akauza zaidi ya mara mbili, akatuletea mbuzi.

Nimelifikiri jambo hilo sana, na mbuzi alikuwa mtamu, jambo ambalo lilizidisha uchungu. Nadhani nilipokosea ni hapa. Jua halijali watu wangapi wanasema limezama. Samaki hakufufuka kwa kuwa wasomi wamebadilisha kauli. Lakini bei ni nini, kama si kile watu wanachodhani wenzao watalipa? Wale waliokuwa wakisikizana kijiweni hawakuwa mashahidi wa bei. Walikuwa ndio bei yenyewe inayopikwa. Kuwauliza "mmeona nini" ilikuwa kama kuwauliza waimbaji wimbo wameusikia wapi. Na mbegu zangu za fedha zilikuwa ndugu wa jambo hilo hilo: zililipa kwa kadiri watu walivyoamini, na siku imani ilipopungua zikanyauka mchana mmoja. Kiwanja angalau ukiamka kipo. Namna ya kujua mapema kipi ni kipi, shemeji anasema ni ujasiri. Mimi nasema alibahatika, lakini nasema kwa sauti ndogo, maana nilikula paja.

Basi Ramadhani iliyopita. Saa ya msikitini sasa iko sawa, naikagua mwenyewe kila mwezi. Ya dukani bado iko mbele dakika saba, siwezi kuacha, ila chini yake nimebandika karatasi inayosema hivyo. Kuku hatuna, mdondo ulipita mtaani ukawamaliza wote kwa siku nne, jogoo wa mwisho.

Jioni ya kwanza mbingu ilikuwa na mawingu mepesi. Adhana ikalia, ya kwetu, kisha ya barabara ya pili, kisha zikapandana. Watoto mikono ikaenda kwenye sinia. Mama mkwe akashika tende yake, mkono juu ya goti, akatazama pale banda lilipokuwa.

"Kuku hatuna, mama," nikamwambia.

"Najua. Nenda nje ukatazame."

Nikaenda. Nikasimama katikati ya barabara, kandambili mguuni, nimeelekeza uso upande wa magharibi ambako paa za mabati na nyaya za umeme zimejaa, natafuta mahali penye mwanya. Jirani wa ng'ambo akachungulia mlangoni, kikombe mkononi, akaniona nimesimama vile nimekunja paji la uso.

"Vipi fundi, bado?"

Nilikuwa sijaona kitu bado, wala sijafungua mdomo. Nikamsikia anageuka ndani, anawaambia watu wake: "Ngojeni kwanza, ngojeni, fundi amesema bado."